Andazi la Bibi Dimah

Mama Unchat hana sauti ndogo. Akiwa mtoni anafua, sisi tulio juu nyumbani tunajua nani kamchokoza na kajibiwa nini. Nyumba yetu ni moja ndefu, familia zimepangana chumba kwa chumba chini ya paa moja, na mbele yake baraza moja inapita kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mambo hayafichiki. Chumba chetu na chake vinatengwa na ukuta wa mbao tu. Akicheka kwake na mimi nacheka kwetu, hata kama sijui kinachochekesha.

Jina lake ni Lulong, ila tangu amzae Unchat hakuna anayemwita hivyo tena, isipokuwa Bibi Dimah, mke wa mkuu wa nyumba, ambaye ametuzidi wote umri na humwita mtu anavyotaka. Unchat mwenyewe yuko mjini Miri, anachomelea vyuma vya meli. Kila sikukuu ya mavuno huja nyumbani na viatu vyeupe, na mama yake humpokea gatini kwa maneno yale yale: "Hivyo viatu umeviletea matope yetu yavione?" Kisha anambebea begi mpaka juu, hamwachi alishike.

Ni mwanamke mfupi, mabega mapana, shavu moja limevimba kwa tambuu kutwa nzima. Alizaliwa upande wa juu wa mto, mahali ambapo sasa ni ndani ya hifadhi ya taifa. Zamani hizo hapakuwa na hifadhi. Palikuwa na mashamba ya mpunga wa mlimani, na kila mdoriani, mti wa tunda lile la miiba, ulikuwa na jina la aliyeupanda. Watu wakahamia chini, mpunga ukageuka msitu, orangutani, wale sokwe wekundu, wakarudi, serikali ikasimamisha kibao. Lakini midoriani bado ipo, na majina yake anayo kichwani. Wageni wanaotoka mijini, Kuching na Sibu, na nchi za mbali wanasema wanakwenda kutembelea hifadhi. Yeye huwaambia, "Nyie nendeni hifadhini. Mimi nakwenda shambani kwa bibi yangu."

Barabara ya kufika huko haipo. Kuna mto, na mto unapandwa kwa mtumbwi mrefu mwembamba, mmoja nyuma kwenye injini, mmoja mbele na upondo wa kusukumia mawe. Mumewe, marehemu Belayong, alikaa nyuma miaka yote, na yeye akasimama mbele. Tuliwazoea hivyo: Belayong kimya kama mzigo, mkewe anapiga kelele, kushoto, kushoto, jiwe hilo, wewe mwanaume umelala?

Belayong alipofariki kwa ugonjwa wa moyo, mtumbwi ulifungwa gatini ukakaa mpaka ukaota ukungu. Ndipo Mandau, mdogo wa marehemu, akasema atauchukua yeye, kwa kuwa mtumbwi wa wageni unataka mwanaume kwenye injini. Hakusema kwa ubaya. Mandau si mtu mbaya, ni mtu wa wasiwasi tu. Hata akila anatazama mawingu.

Mama Unchat alisimama barazani mbele ya watu wote.

"Mwanaume gani aliyewahi kuyaona yale mawe?" akauliza. "Wa nyuma anaona nini? Anaona migongo ya wageni! Miaka yote Belayong alikwenda nilikomwambia mimi. Leo ndiyo sijui njia?"

"Kuonyesha njia ni jambo moja, shemeji," akasema Mandau. "Injini ni jambo jingine. Injini haisikii matusi."

Watu walicheka mpaka baraza ikatikisika. Babu Ligong, mkuu wetu wa nyumba, hakucheka. Alisubiri wanyamaze, kisha akakata shauri. Wageni wa kwanza watakaokuja, Mama Unchat awapandishe yeye, Mandau akiwa mbele. Awavushe maporomoko makubwa wakiwa wamekaa ndani ya mtumbwi, awafikishe kituo cha hifadhi, awarudishe siku hiyo hiyo. Akiweza, kiti cha nyuma ni chake mpaka achoke mwenyewe. Akiishia njiani, mtumbwi ni wa Mandau, na yeye arudi kwenye upondo au jikoni, atakapopenda.

"Jikoni kuna moshi," akasema Mama Unchat. "Leteni hao wageni."

Wakaja mume na mke kutoka Sibu. Bwana Teng ni mwoka mikate, tumbo lake linafika kabla yake. Mkewe ni mwembamba, ana macho yasiyopitwa na kitu. Lugha yetu wanaisema vizuri, maana dukani kwao wateja wengi ni watu wetu. Walilala kwa Babu Ligong, na asubuhi wakanywa kahawa barazani kwake.

Mimi niliwahi kushuka gatini. Baba yangu ni askari wa hifadhi na hukaa kituoni wiki baada ya wiki, basi mama alinituma nimpelekee nguo safi na samaki wakavu, na nafasi ilikuwepo. Nilimkuta Mama Unchat ameinamia injini, mikono imejaa petroli hadi kwenye viwiko. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mto umejaa, rangi yake kama chai ya maziwa. Aliutazama, akatema mate mekundu ya tambuu.

"Maji mazuri haya," akasema, "lakini hayamngoji mtu. Jua likisimama yatakuwa yameshuka, na pale juu mawe yatatoa meno. Hao wageni wanakunywa kahawa au wanaioga?"

Akapanda mbio kuwaharakisha. Muda si muda akarudi na begi la Bibi Teng begani, wageni wakimfuata wakihema.

Wanawake waliokuwa wakifua walikuwa wanamsubiri.

"Mama Unchat! Ukirudi, urudi na injini!"

"Mandau, vaa maboya mawili, moja halitoshi!"

"Fueni nyie," akawajibu huku akivuta kamba ya injini. "Suruali za waume zenu zinanuka mpaka huku."

Injini ilishika kwa mvuto wa kwanza. Nilimwona akijizuia kutabasamu.

Tulipanda vizuri. Pande zote mbili miti imeinamia maji, na hondohondo wawili walitupita juu na ule mvumo wa mbawa zao kama mtu anapepeta mchele. Mama Unchat aliongoza mtumbwi kama anayetembea barazani kwake. Penye kina alifungua injini, penye changarawe aliinyanyua na Mandau akasukuma kwa upondo, bila neno kati yao. Bwana Teng alishika kingo kwa mikono miwili.

"Mama, orangutani tutamwona?"

"Yeye atakuona, baba. Kama na wewe umwone, hilo ni shauri lake."

Hofu ilipowatoka, Bibi Teng akaanza kuzungumza. Alisifu hewa, akasifu baraza, akasifu chakula.

"Na yale maandazi ya unga wa mchele ya bibi yule! Huyu mume wangu kazi yake ni mikate na hajui kutengeneza kitu kama kile. Ila yeye amekula moja tu. Ana sukari, daktari amemkataza. Moja tu, mbele yangu."

"Moja tu," akasema Bwana Teng, akitazama maji.

"Bibi Dimah huweka sukari ya mnazi mpaka andazi linakuwa jeusi," akasema Mandau kutoka mbele, bila kugeuka. "Shemeji, wewe umekula mangapi?"

Injini iliendelea kunguruma. Mimi nilikuwa nimekaa karibu yake, na nikaona shavu lenye tambuu limeacha kutafuna.

"Shemeji?"

"Sikula."

"Lakini uligusa."

"Alininyooshea sahani. Nikamwambia nikirudi, Bibi. Mikono ilikuwa na petroli, Mandau, ningeligusaje andazi la watu?"

Mandau aligeuka. Uso wake ulikuwa umepauka kama unga. Bila kuambiwa, Mama Unchat alipunguza moto, akaupeleka mtumbwi kwenye ukingo wa changarawe, akazima injini. Ndipo tulipoyasikia maporomoko, mbali kidogo, yakivuma nyuma ya kona.

Kwetu ukikaribishwa chakula huondoki hivi hivi. Kama umeshiba au una haraka, unakigusa kwa kidole, unapeleka kidole mdomoni na shingoni, basi, umemaliza, hakuna atakayekulaumu. Usipogusa, unaondoka na puni, na mwenye puni njiani hana kinga. Baba yake Mandau aliacha kikombe cha kahawa kwa jirani, akaingia msituni kukata henzerani, nyoka akamkuta huko. Alipona, lakini ule mguu aliuburuta mpaka anakufa. Mandau ndiye aliyembeba mgongoni kumtoa msituni. Kwa hiyo alipoweka upondo chini, sikumwona kuwa mwoga.

"Haya, sema turudi," Mama Unchat akamwambia. "Si ndicho ulichokuwa ukikingoja?"

"Sisemi kitu, shemeji."

"Sema, Mandau."

"Nikisema turudi, watasema nimeutamani mtumbwi. Nikisema twende, mimi ndiye niliye mbele, mawe yataanza na mimi. Sisemi kitu. Wewe ndiye umekaa nyuma. Sema wewe."

Bibi Teng alitutazama mmoja mmoja. "Kuna nini? Injini imeharibika?"

Mama Unchat akawaeleza wazi, bila kuficha: habari ya sahani, habari ya petroli, na lile shauri la Babu Ligong.

"Kwani tukienda tu?" Bibi Teng akauliza. "Wewe unaogopa?"

"Mimi?" Akacheka kidogo. "Ningekuwa peke yangu ningepita, halafu ningekuja kuwasimulia. Lakini puni haimchagui mwenye kosa, mama. Inamchukua aliye karibu. Na aliye karibu ni wewe na mumeo, na huyu binti wa watu na samaki wake."

"Basi turudi ukaliguse, halafu tuje tena."

"Tukija tena hapa hakuna maji. Leo ni sasa au hakuna."

Nilimtazama akiutazama mto upande wa juu, kule kwenye kona, huku mkono wake umelala juu ya injini kama mtu aliyeshika kichwa cha mtoto. Kiti kile alikuwa amekipigania barazani mbele ya watu wote. Kona moja tu, na maporomoko, basi kilikuwa chake. Na kama angevuta kamba akapanda, hakuna hata mmoja wetu angemzuia. Hata Mandau angeokota upondo.

"Kitu kimoja tu kingetuokoa," akasema, kama anajisemea mwenyewe. "Hata punje ya lile andazi. Kuligusa tu. Lakini ndiyo hivyo, limebaki barazani." Akashuka majini hadi magotini, akaushika mtumbwi kwa mbele, akaugeuza mpaka ukaelekea chini, nyumbani. Aliugeuza polepole, kwa uangalifu, asiwamwagie wageni maji. Kisha akarudi nyuma, akaishika kamba ya injini.

Bwana Teng akakohoa.

"Mama. Hilo andazi, lazima liwe la asubuhi ile?"

"Lazima, baba. La mkono ule na sahani ile."

"Na kama limebonyea?"

Bibi Teng aligeuza kichwa polepole sana.

Bwana Teng alifungua mfuko wa kamera. Akatoa kamera, akatoa kitambaa cha kufutia kioo, na chini kabisa akatoa leso iliyofungwa fundo. Ndani ya leso lilikuwemo andazi la Bibi Dimah, jeusi, limebonyea upande mmoja, lakini zima.

"Teng," akasema mkewe.

"Nilitaka kulichunguza tu. Kikazi."

"Kikazi?"

"Mwoka mikate lazima ajue wenzake wanaweka nini."

"Ungelichunguzia wapi? Nyuma ya mti?"

"Kama nafasi ingepatikana," akasema Bwana Teng kwa unyonge, na hapo Mandau alicheka mpaka akaanguka kutoka mtumbwini, akakaa majini.

Alipoweza kusimama, akawa mtu wa kazi tena. Akalikagua lile andazi bila kuligusa. "Ulilichukua kwenye sahani ile ile aliyomnyooshea?"

"Ile ile. Alipogeuka kumwita mama huyu, nikachukua la pili."

"Basi ni lenyewe," akasema Mandau.

Mama Unchat alisugua mikono kwa mchanga na maji hadi petroli ikatoka. Akaligusa kwa kidole, kidole mdomoni, kidole shingoni. Mandau akagusa. Mimi nilikuwa nimeshakula mawili nyumbani, lakini nami nikagusa. Bibi Teng naye akagusa, akasema haidhuru. Kisha Mama Unchat akatia andazi mdomoni, karibu lote.

"Niliambiwa kula, nakula," akasema huku mdomo umejaa. Akabakisha punje, akamwekea Bwana Teng kiganjani. "Gusa tu, baba. Umetuokoa, lakini mama anakuangalia."

Tukaugeuza tena mtumbwi, watu wote tukiusukuma, na tukapanda.

Ule muda tuliopoteza ulikuwa umetugharimu. Kwenye maporomoko, njia ya kushoto, ambayo Belayong aliipitia siku zote, ilishaanza kuonyesha mawe, migongo myeusi inatoka majini kama nyati wanaooga. Ilibaki ya kulia, nyembamba, yenye maji mengi na kelele nyingi. Mama Unchat alifungua injini yote. Tukaingia. Mtumbwi ulinyanyua pua, Bwana Teng akainuka nao, boya lake la rangi ya machungwa likajaa mbele ya macho ya Mama Unchat kama mlango uliofungwa.

"Sioni!" akapiga kelele. "Mandau! Sioni kitu huku!"

"Kulia kidogo," akasema Mandau.

"Nini?"

"Nimesema kulia kidogo!"

"Piga kelele, mwanaume! Umelala?"

Na Mandau, mtu wa wasiwasi, anayezungumza kama anaogopa kuamsha mtoto, akapiga kelele. "Kulia! Kulia! Jiwe! Sasa kushoto, kushoto, shemeji, kushoto!" Upondo wake ulipinda, nikadhani utavunjika. Mama Unchat naye akanyamaza. Sijawahi kumwona amenyamaza hivyo. Alikwenda alikoambiwa, kidole kwa kidole, macho kwenye mgongo wa Bwana Teng, na pale maji yalipokuwa membamba kama shuka juu ya jiwe aliinyanyua injini, tukateleza, akaishusha, ikauma maji tena. Maji yalinipiga usoni. Nikafumba macho. Nilipofumbua, mto ulikuwa tambarare, kipepeo ametua juu ya upondo, na hakuna aliyekuwa ameshuka.

Kisha Mama Unchat akamwambia Mandau, "Kumbe sauti unayo."

Baba yangu alitupokea kituoni. Aliwaandikisha wageni, akapokea nguo na samaki, akanifinya shavu. Kisha yeye na Mama Unchat wakawaongoza kwenye njia ya mlimani, nami nikafuata. Ruba walikuwepo, matope yalikuwepo. Bibi Teng alipanda kama swala. Bwana Teng alipanda kama mwoka mikate. Kila baada ya hatua chache Mama Unchat aliwaonyesha mti. Huu ni wa shangazi yake. Ule ni wa babu mmoja aliyekuwa bahili, na doriani zake hata leo ni ndogo. Wakacheka, lakini mimi nimeshazila, ni ndogo kweli.

Kwenye mdoriani wa bibi yake, mkubwa kuliko yote, baba aliinua mkono tusimame. Juu kabisa matawi yalitikisika bila upepo. Orangutani jike, manyoya mekundu, na mtoto amemng'ang'ania tumboni, alikuwa amekaa kwenye tanzu akipasua doriani kwa meno. Akatutazama. Akaendelea kula. Ganda moja likaanguka karibu na mguu wa Bwana Teng.

"Bibi yangu alikuwa akiwarushia mawe," akanong'ona Mama Unchat. Hata kunong'ona kwake kunasikika. "Alisema wanammalizia. Mimi nasema waache wale. Angalia, mwenzetu hajui kukataa chakula."

Bibi Teng alikuwa akifuta macho. Alimshika mumewe mkono na hakuuachia mpaka tuliposhuka mtoni.

Tulirudi jua likiwa bado juu ya miti. Kushuka, yale maporomoko ni jambo jingine, mto unakubeba wenyewe, na Mandau alikuwa ameshaizoea sauti yake, alipiga kelele hata pasipo na jiwe. Gatini hakukuwa na anayefua tena. Wote walikuwa barazani, wanajifanya wanasuka mikeka.

Babu Ligong aliwakalisha. Akamuuliza Mandau, kwa kuwa ndiye aliyetumwa kuwa jicho la nyumba.

"Wageni walishuka kwenye maporomoko?"

"Hata mmoja, Babu."

"Walifika kituoni?"

"Walifika. Wameona orangutani na mtoto wake."

"Basi hakuna..."

"Ngoja, Babu," Mama Unchat akamkatiza. "Kuna jambo. Niliugeuza mtumbwi njiani." Akasimulia yote, sahani, petroli, ukingo wa changarawe. Hakujipunguzia. Alipofika kwenye mfuko wa kamera watu walipiga makofi, na Bwana Teng akainama kama mtu anayetunzwa.

Mzee mmoja kule mwisho wa baraza akasema, "Lakini makubaliano yalikuwa akiishia njiani. Mtumbwi uligeuka. Kugeuka si kuishia?"

Manong'ono yakaanza. Nilimwangalia Mama Unchat. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, anamtazama Babu Ligong moja kwa moja, kama mtu aliyeleta mzigo wake wote sokoni na hana cha kuongeza.

Mandau akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame.

"Uligeuka," akasema, na sauti ilikuwa ile ya maporomoko, ikafika mpaka mwisho wa baraza. "Mimi nisingeugeuza. Nasema kweli mbele yenu. Ningekuwa mimi nyuma, na kiti hiki kinaningoja baada ya kona moja, ningevuta kamba, ningenyamaza, na mngekuwa mnatutafuta chini ya mto. Yeye aliugeuza. Sasa niambieni, nyie mngetaka watoto wenu wapande na nani?" Akakaa. Kisha akaongeza, taratibu, "Mbele napapenda. Kule kuna mambo ya kuona."

Babu Ligong alimtazama mkewe. Bibi Dimah alikuwa ameshainuka, ameingia chumbani, na sasa alitoka na sahani iliyojaa maandazi meusi, akaja kusimama mbele ya Mama Unchat.

"Lulong."

"Naam, Bibi."

"Kula. Hapa. Mbele yetu."

"Nimeshiba, Bibi, nime..."

"Lulong!"

Alikula matatu. Bwana Teng alimtazama kwa macho ya mtu anayeangalia meli ikiondoka, na mkewe, baada ya kufikiri sana, akamkatia nusu. Babu Ligong alisubiri sahani iishe, ndipo akamuuliza Mama Unchat kama wiki ijayo ataweza kuwapandisha walimu kutoka Sri Aman, au injini inataka kufanyiwa matengenezo kwanza. Mzee wa mwisho wa baraza akarudia kusuka mkeka wake.

Siku hizi wageni ni wengi, hasa msimu wa matunda. Baba anasema wengine hufika kituoni wakiuliza, yuko wapi yule mama wa andazi, maana Bwana Teng anawasimulia wateja wake wote, na katika masimulizi yake andazi lilifichwa kwa busara. Mama Unchat hubisha hodi chumba kwa chumba kabla ya kushuka, anagusa kila kilicho jikoni, wali, samaki, uji wa mtoto. Mama yangu humwambia, "Na maji ya mbwa hujagusa." Yeye humjibu, "Nimeanza na hayo."

Kisha anashuka gatini, anakaa nyuma, anaishika kamba. Mandau, ameshasimama mbele na upondo, hageuki.

"Umegusa?"

"Nimegusa."

Ndipo anavuta.